Usikimbilie kununua CDI: yaliyonikuta na umeme wa pikipiki ya zamani

Pale kijiweni kwetu Tanga pikipiki ikizima ghafla ikagoma kuwaka, jibu la kwanza utakalopewa ni "CDI hiyo, kanunue nyingine", yani kile kiboksi kidogo kinachotuma moto wa plagi kwa wakati wake. Hawaulizi imezimia wapi, mvua ilinyesha au jua lilikuwa kali, taa zinawaka au haziwaki, wao CDI tu. Ukinunua CDI ikagoma utaambiwa koili ya plagi, ukinunua koili ikagoma utaambiwa magneti, unaishia una mfuko umejaa vipuri vipya na pikipiki bado imeegemea ukuta. Mimi nina Honda CG125 ya zamani na nimehangaika na umeme wake vya kutosha, na kwa niliyoyaona vifaa vyenyewe hufa mara chache sana, mara nyingi tatizo liko njiani, moto unashindwa kufika au unashindwa kurudi, ethi (njia ya moto kurudi betri kupitia chuma cha bodi) imeshika kutu, soketi imelegea, waya umeozea ndani ya plastiki wakati kwa nje unang'aa kabisa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mjomba wangu, alikuwa bwana shamba huko Muheza, alipostaafu ikakaa bandani mpaka nikamuomba nikaichukua. CG125 Honda walianza kuzitoa mwaka 1976, injini ya valvu zinazosukumwa na fimbo badala ya kuvutwa na cheni, yani walifikiria mtu wa mbali ambaye fundi anamuona kwa nadra. Na kweli injini haina shida. Za mwanzo zilikuwa za voti 6 na platinamu (swichi ndogo ya chuma iliyokuwa ikikata moto wa plagi kabla ya CDI), baadae zikaja za voti 12 na CDI, yangu ni hiyo ya voti 12. Injini ni ngumu lakini waya ni waya tu, ukichanganya na miaka, upepo wa bahari, barabara ya Pangani inavyotikisa, na mafundi wote waliopita wakaunga wanavyojua wao, hapo ndo kazi inapoanzia.

Sasa kabla hujashika bisibisi kuna jambo lazima ulielewe, na mimi naona mafundi wengi wa mtaani wanalijua ila hawalitumii. Umeme wa pikipiki kama hii umegawanyika pande mbili na hizo pande karibu hazijuani. Ndani ya kava la kushoto la injini kuna flaiwili yenye sumaku, hiyo inazunguka, na ndani yake kuna koili zimefungwa hazizunguki, vyote hivyo kwa pamoja ndo magneti. Koili moja imesukwa kwa waya mwembamba kama unywele, kazi yake ni kuilisha CDI peke yake, moto wa plagi unatoka huko. Koili nyingine zina waya mnene, hizo ndo zinatoa moto wa taa kubwa na moto wa kuchaji betri. Kwa hiyo plagi haina habari na betri. Betri ikiwa imekufa kabisa injini inawaka vizuri tu kwa kiki. Betri inaendesha honi, indiketa, taa ya breki na ile taa ya kijani ya nyutro, basi. Taa kubwa inakula moja kwa moja kutoka magneti ndo maana ikiwa sailensa (injini inanguruma taratibu bila kuvuta mafuta) inafifia na ukivuta mafuta inang'aa, hiyo ni kawaida yake, usimruhusu mtu akuuzie reguleta, kile kifaa cha kudhibiti voti, kwa sababu hiyo.

Ukishalijua hilo umepunguza nusu ya kazi bila kufungua nati hata moja. Honi inalia ila plagi haitoi moto, achana na betri, angalia upande wa magneti, CDI, koili ya plagi, na waya wa kuzimia injini. Plagi inatoa moto safi ila honi, indiketa na breki vimekufa vyote kwa pamoja, achana na CDI, angalia fyuzi, betri na swichi ya funguo. Jirani yangu mmoja anayeendesha boda aliambiwa anunue betri kwa sababu pikipiki yake haishiki kiki, akanunua, haikushika, kumbe kofia ya plagi ilikuwa imefunguka kwenye waya wake. Ila hapa angalizo, pikipiki nyingi za siku hizi zinatumia CDI ya DC ambayo inakula moto wa betri, hizo betri ikifa na plagi inakufa. Kujua yako ni ipi, chomoa waya wa chanya wa betri injini ikiwa imezimwa, piga kiki, ikitaka kuwaka ni ya AC kama yangu, ile inayolishwa na magneti, izime hapohapo urudishe waya. Usiiache inanguruma bila betri na wala usichomoe betri injini ikiwa inawaka, voti zinapanda zinaweza kula balbu na reguleta. Na hizo CDI mbili hazibadilishani hata kama soketi imeingia vizuri na muuzaji ameapa.

Tatizo la kwanza kubwa nililokutana nalo lilikuwa balbu ya taa kubwa. Naweka mpya, nikitembea usiku nikifika mahali pazuri nikavuta mafuta kidogo, pap, giza. Naweka nyingine, hadithi ni ileile. Kila niliyemuuliza alisema reguleta, nikanunua reguleta, balbu ikaungua tena. Reguleta ya hii pikipiki ina waya nne, wa manjano unatoka koili ya taa, mweupe unatoka koili ya kuchaji, mwekundu unaenda betri na wa kijani ni ethi. Jinsi inavyofanya kazi upande wa taa ni kwamba voti zikizidi inazimwaga kwenye ethi. Sasa jiulize, kama huo waya wa kijani haujagusa bodi sawasawa, hizo voti zitamwagwa wapi? Hazina pa kwenda, zinaishia kwenye balbu. Ya voti 12 inapigwa na zaidi ya 20 unapovuta mafuta, lazima iungue. Reguleta ya zamani ilikuwa nzima na mpya ilikuwa nzima.

Kilichotokea ni kwamba pikipiki iliwahi kupigwa rangi upya. Aliyepiga rangi alifanya kazi nzuri sana, fremu inapendeza mpaka leo, ila alipuliza kila mahali, pamoja na pale chini ya tanki ambapo boliti ya ethi inakaa. Waya zote za kijani zinakutana pale, kiduara cha waya kikafungwa juu ya rangi, moto ukawa unapita kwenye nyuzi za boliti tu, na hizo nazo chumvi ya bahari ikazimaliza taratibu. Nikafungua, nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikakwangua na kiduara chenyewe, nikafunga na washa ya meno, juu nikapaka mafuta ya mgando ili hewa ya chumvi isiingie. Balbu iliyofuata ilikaa mpaka nikaisahau.

Hii ya ethi inajitangaza yenyewe ukiijulia. Ukikanyaga breki ukaona indiketa zinawaka kwa mbali, au ukiwasha indiketa ya kulia taa ya nyuma inapepesa pamoja nayo, au honi inalia kama ina mafua lakini taa zikiwa zimezimwa inalia vizuri, usitafute kifaa, tafuta ethi. Moto ukikosa njia yake ya kurudia unapita kwenye balbu za watu wengine, ndo maana unaona mambo ya ajabu ajabu hayaeleweki. Watu wanasema pikipiki ina jini. Haina jini.

Kuhusu kupima, wengi tunakimbilia mita ya dijitali, ile ya bei rahisi inatosha kabisa, ila mita inadanganya kwa namna moja ambayo ilinisumbua muda mrefu kidogo. Mita haili moto. Waya wenye nyuzi kumi na tano ukikatika zote ukabaki na uzi mmoja, mita bado itakusomea 12.5 safi kabisa, ila ukifunga balbu inaweza kufifia au isiwake, kwa sababu uzi mmoja ulioliwa na kutu haubebi mzigo. Kwa hiyo mimi nina taa ya kupimia niliyoitengeneza mwenyewe, balbu ya indiketa ya wati 10 kwenye soketi yake na waya mbili ndefu zenye vibanio vya mamba. Hiyo inavuta karibu ampia moja, ikiwaka kwa nguvu ujue njia ni nzima kweli, ikiwaka kwa kufifia ujue kuna mahali panabana. Mita ibaki kwa kazi yake, kusoma voti na omu.

Na kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni hiki, weka mita kwenye DC 20, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe (kwenye risasi ya betri, sio kwenye waya), ncha nyekundu kwenye chuma cha injini, halafu kanyaga breki na ubonyeze honi kwa pamoja. Inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi 0.2 ujue hizo voti zimepotelea kwenye ethi. Yangu siku hiyo ilisoma zaidi ya 2, yani kati ya voti 12 mbili zilikuwa zinaishia kwenye kutu. Upande wa chanya fanya hivyohivyo, ncha moja kwenye chanya ya betri nyingine pale waya unapoingia kwenye honi, hapo hata 0.5 inavumilika kwa sababu moto umepita kwenye fyuzi, swichi na soketi kadhaa. Ukisonga mbele soketi moja moja na ncha yako utaona mwenyewe voti zinapotelea wapi.

Betri yenyewe ikiwa imepumzika na imejaa itasoma 12.6 mpaka 12.8. Washa injini, vuta mafuta katikati, ipande ifike kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu haichaji, ikipita 15 inachajiwa kupita kiasi na maji yatachemka yaishe. Vichwa vya betri vikiota ule unga mweupe au wa kijani, koroga magadi kwenye maji ya uvuguvugu mwagia, yatatoa povu, suuza, kausha, paka mafuta ya mgando. Angalia tu yasiingie ndani ya betri.

Sasa nije kwenye ile ya kuzima njiani maana hiyo ndo ilinipa wasiwasi kweli. Pikipiki inatembea vizuri, nikifika mahali nikakata kona kulia inazima kama mtu amegeuza funguo. Nikinyoosha usukani, nikapiga kiki, inawaka. Nikakata kulia, inazima. Lakini sio kila mara, na hapo ndo balaa, ukiipeleka kwa fundi inatulia kama mtoto mbele ya wageni, haizimi hata uzungushe usukani mpaka mikono iume. Kijana mmoja fundi pale barabarani akaniambia, "Blaza, hii CDI inashika joto inakata." Nikamwambia kaka, joto linajuaje nimekata kulia?

Kwenye CDI ya AC injini inazimwa kwa kupeleka waya mmoja kwenye ethi. Honda waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Ukigeuza funguo au ukibonyeza kitufe cha kuzimia, huo waya unagusishwa na wa kijani, moto wa ile koili nyembamba unaishia kwenye bodi, plagi inakufa. Maana yake waya huo ukichubuka popote ukagusa fremu, pikipiki inazima, na kila kitu kingine ni kizima. Namna ya kuhakikisha ni rahisi mno, chomoa huo waya mweusi wa mstari mweupe pale kwenye CDI, ufunge na tepu, halafu tembea. Kama haizimi tena basi CDI yako ni nzima, koili ni nzima, magneti ni nzima, na mgonjwa ni huo waya au swichi zake. Ila ukishauchomoa funguo haitaizima pikipiki, utaizima kwa kuingiza gia ya nne ukiwa umeshika breki na kuachia klachi taratibu, kwa hiyo jaribia mahali hapana watu na usiiache hivyo.

Yangu ilitulia kabisa. Nikafuata waya kutoka kwenye taa kubwa kurudi nyuma, pale shingoni mwa fremu ambapo usukani unazungukia, mkanda wote wa waya ulikuwa umefungwa na waya wa chuma, sio plastiki, waya wa chuma wa kufungia seng'enge jamani. Kila ukikata kona unakata plastiki kidogo kidogo. Waya wa kuzimia ulikuwa umeshaonyesha shaba na mwingine wa bluu wa taa ya fulu nao ulikuwa njiani kumfuata. Nikaunganisha upya, nikavesha bomba la plastiki, nikaacha ulegevu wa kutosha ili usukani ukigeuka pande zote mbili mkanda usivutike. Kwenye pikipiki yoyote iliyotembea miaka mingi mimi naanzia hapo shingoni, kisha chini ya siti mahali waya zinasagwa na fremu, kisha pale waya za magneti zinapotokea kwenye injini karibu na sproketi maana pale kuna mafuta, matope na joto kwa pamoja.

Kwenye rangi za waya niseme kidogo kwa sababu hapa watu wanachoma vitu. Kwa Honda kijani ni ethi, nyekundu ni betri, na nyeusi ni moto unaotoka baada ya kufungua funguo. Kwa Yamaha nyeusi ni ethi. Fundi aliyezoea Yamaha akikutana na Honda akapeleka waya mweusi kwenye bodi, ukifungua funguo fyuzi inaruka, na kama fyuzi yenyewe imeshatolewa ikaungwa waya mtupu basi moshi. Suzuki nao nyeusi yenye mstari mweupe ndo ethi, wakati kwa Honda hiyohiyo ndo ya kuzimia injini. Za Honda nyingine za kukariri: bluu bahari ni indiketa ya kulia, chungwa ni ya kushoto, kijani yenye mstari wa manjano ni breki, kahawia ni taa ndogo ya nyuma. Pikipiki nyingi za Kichina zenye injini ya kuiga CG zinafuata rangi za Honda kwa sehemu kubwa ila usiamini kwa macho, pima. Na kama wameshapita mafundi wanne rangi hazina maana tena, yangu niliikuta na waya wa spika za redio umetumika kwenye breki.

Fyuzi ni 10. Ukihesabu, indiketa mbili za wati 10, taa ya breki wati 21 na honi, vyote vikifanya kazi kwa wakati mmoja havifiki ampia 7, kwa hiyo fyuzi ya 10 ikikatika ni kwamba kuna shoti mahali. Kuna watu wanazungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, "inashika hiyo bosi, haikatiki tena". Ni kweli haikatiki. Kitakachokatika ni mkanda wa waya wote, na uko chini ya tanki la petroli. Kutafuta shoti bila kumaliza fyuzi za watu, toa fyuzi uweke ile taa ya kupimia mahali pake, ukifungua funguo ikiwaka kwa nguvu zote shoti ipo, sasa chomoa soketi moja moja, taa itakapozimika au kufifia sana umeshajua ni tawi lipi. Hakikisha tu hujaacha breki imekandamizwa ukadhani ni shoti.

Kulikuwa na lingine dogo, betri kulala. Jioni nzima, asubuhi honi haitoki. Hapo unaweka mita kwenye ampia, unaifunga katikati ya hasi ya betri na waya wake, funguo zimetolewa, usibonyeze kitu. Pikipiki ya zamani isiyo na saa wala alamu inatakiwa isome sifuri au karibu na hapo. Yangu ilikuwa inasoma makumi kadhaa ya miliampia, nikachomoa soketi ya reguleta ikaanguka sifuri. Ile reguleta niliyonunua bila sababu wakati wa balbu ndo ilikuwa inavujisha moto kurudi nyuma, nikarudisha ile ya zamani ya mjomba, ikawa basi.

Kuunga waya nako kuna namna yake hasa kwa sisi wa pwani. Waya uliokaa na chumvi ukiuchuna unakuta shaba nyeusi tii. Hiyo nyeusi haipitishi moto vizuri na lehemu haishiki, hata ukwangue utachoka. Unakata nyuma, unachuna tena, unakata nyuma, mpaka ufikie shaba yenye rangi yake. Wakati mwingine unafika urefu wa kiganja kizima ndo unaikuta. Ukishaunga, zungushia vizuri, weka lehemu, vesha bomba la kusinyaa kwa moto kama unalipata, tepu peke yake kwa joto letu gundi inayeyuka inateleza ndani ya mwaka. Na soketi usizijaze grisi ya beringi za matairi, mafuta ya mgando kidogo yanatosha. Ukienda kuosha kwa mashine ya presha mwambie kijana asielekeze bomba chini ya tanki wala kwenye taa, maji yakiingia kwenye soketi hayatoki, yanakaa yanapika kutu.

Nisije nikaonekana nasema vifaa havifi kabisa, maana kipo kilichokufa kweli. Ilianza msimu wa jua kali, nikitembea mwendo wa nusu saa hivi pikipiki inakata, naegesha chini ya mwembe, ikipoa inawaka kama hakuna kilichotokea. Dalili hii inafanana mno na kitundu cha hewa cha mfuniko wa tanki kikiziba, petroli inashindwa kushuka, kwa hiyo nikaanza na hicho maana ni bure. Ilipokata nikafungua mfuniko, hakuna mabadiliko. Basi nikabeba plagi ya akiba na spana yake kwenye mfuko, ilipokata siku nyingine hapohapo ikiwa ya moto nikavua kofia ya plagi, nikaweka ile ya akiba, nikagusisha chuma chake kwenye injini mbali na kabureta, nikapiga kiki. Hakuna cheche. Baada ya kupoa, cheche ya bluu. Kipimo lazima kifanyike ugonjwa ukiwepo, ukisubiri ufike nyumbani utapima pikipiki nzima.

Ya kwanza nilikata ncha ya waya wa plagi nusu sentimita nikaifunga kofia upya, haikusaidia. Kisha nikapima ile koili nyembamba ya magneti, waya mweusi wenye mstari mwekundu, kati yake na bodi. Ikiwa baridi ilisoma omu mia mbili na kitu, na za aina hii nyingi ziko kati ya mia moja na mia nne, nikaona nzima. Nikatembea mpaka ikakata, nikachomoa soketi nikapima tena ya moto, mita haikusoma kitu. Waya umekatika ndani, ikipoa ncha zinagusana, ikipata joto zinaachana.

Koili ya asili sikuipata, zilizopo ni za kuiga ambazo matundu ya skrubu hayalingani. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayesuka mota za pampu na feni. Nikamkuta amekaa na miwani mbili, moja juu ya nyingine. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umeniletea mota?" Nikamuonyesha, akaigeuzageuza, akaniuliza flaiwili nimeitoaje, nikamwambia nimeazima pula, kile kifaa cha kuivutia, akasema afadhali, wengine wanaigonga na nyundo sumaku zinapasuka halafu wanakuja kwangu nisuke sumaku. Akaifumua yote, akahesabu mizunguko anavyofumua huku anapiga vistari kwenye boksi la kiberiti, akapima unene wa waya, akasema waya huu usitegemee kuupata dukani ila ninao kwenye transfoma ya redio iliyokufa. Akasuka kwa kimashine cha mkono, akapaka vanishi, akaniambia nisiifunge mpaka kesho yake na nikiipima niipime ikiwa ya moto. Nikaianika juani kwenye bati mchana mzima nikapima, ikasoma juu kidogo ya pale ilipokuwa baridi, ambavyo ndivyo shaba inavyofanya ikipata joto, na haikukatika. Nikaifunga, nikaenda nayo Pangani na kurudi saa saba mchana bila kusimama.

Kilichobaki sasa hivi ni taa ya nyutro, inawaka inapojisikia. Swichi yake iko kushoto ndani ya kava la sproketi, pale mafuta yanavuja kidogo, na kwa kuwa cheni nayo inaelekea kuisha nitafungua vyote siku moja.